Picha za dhoruba Dunga: wingu huja kutoka mgongoni

SWALI: Msimu wa mvua napenda kutembea ufuoni Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, nikipiga picha za mawimbi na mawingu, kwa simu na kwa kamera ya kuazima. Picha hutoka nyeupe juu na giza chini. Tena mvua imenifumania mara mbili, na ziwa mbele yangu lilikuwa limetulia. Nakosea wapi? – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Unalikodolea ziwa macho, na mvua ya alasiri Kisumu kwa kawaida haitoki huko. Mchana upepo wa ziwani husukuma unyevu hadi milima ya Nandi na Kericho, wingu likajijenga kule, kisha likasogea magharibi kukufuata. Mvua za ziwani zenyewe hupiga zaidi usiku na alfajiri. Kwa hiyo kuanzia saa nane geuka nyuma kila baada ya dakika chache.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, ondoka. Ingia kwenye nyumba ya kuta au gari la paa la bati, madirisha yakiwa yamefungwa. Kibanda kilicho wazi hakikingi radi, wala mti, na mtumbwi ndio mbaya zaidi. Usirudi kabla ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Huko kugeuka kunalipa pia kwa picha. Kwenye saa kumi na moja, jua likiwa bado wazi magharibi na wingu la rangi ya risasi likiwa mashariki, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu na mabati ya vibanda humeta. Upinde wa mvua nao hutokea upande huohuo.

Weupe wa juu unatokana na kamera kupima giza la chini na kuongeza mwanga. Kwenye simu, gusa wingu, shikilia hadi kipimo kijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Kwenye kamera, weka fidia ya mwanga (alama ya +/-) kuwa -2/3 au -1. Wimbi linaganda kwa shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/1000, na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ya 400. Ukitaka lilainike, 1/8 juu ya stendi ya miguu mitatu. Epuka 1/60: wimbi haligandi wala halilainiki, linaonekana kosa tu. Kukiwa na upepo, fungua kwanza vipande vinene vya miguu ya stendi, usiinue nguzo ya katikati, na uning'inize begi chini yake.

Kuikinga kamera na mvua, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017, lakini kofia ya plastiki ya kuogea inafaa zaidi: mpira wake hukaza shingoni mwa lenzi. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kula chuma kama ya Mombasa. Adui hapa ni mchanga. Upulize kwanza, ndipo upanguse, la sivyo utaikwaruza lenzi. Skrini ya simu ikilowa haitii kidole, basi piga kwa kitufe cha sauti. Usiichaji ikiwa mbichi. Mchele wa kukaushia simu unaacha vumbi tundu la chaji, uache jikoni.

Upepo ukisukuma magugu maji hadi ukingoni, yanafanana na nyasi za kukanyagika. Chini yake ni maji. Na jua likizama, ondoka karibu na mafunjo: viboko hutoka kula usiku, na anayesimama kati ya kiboko na maji amejiweka njiani mwake.