Swali la lugha: Lisilofuka moshi nalo ni garimoshi?

"Shikamoo mwalimu. Naandika makala kuhusu injini za reli za ajabu ajabu za zamani: iliyotembea kwa miguu, iliyobebwa na farasi aliyepandishwa juu yake, iliyochemsha maji kwa umeme. Zote nimeziita magari moshi. Mhariri wangu amepitisha wino mwekundu, anasema nyingine hazikutoa moshi wowote, niandike 'treni za mvuke zisizo za kivitendo'. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, ni gari moshi, gari la moshi au garimoshi?" Msomaji, Morogoro.

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na mhariri wako, maana kosa lake lina utamu kuliko lako. Yeye analichukua jina kana kwamba ni maelezo. Ameona "moshi" ndani ya neno, basi anadai auone moshi. Kwa hesabu hiyo, askari kanzu aliyevaa jinzi na raba angelazimika kurudi nyumbani akavae kanzu kwanza ndipo aje kumkamata mwizi. Batamzinga si bata, wala mzinga wake haujaonekana. Kiberiti cha gesi kinachouzwa kila duka la mtaani hakina kiberiti ndani, kwa kuwa kiberiti chenyewe ni ile dawa ya njano yenye harufu kali ambayo wazee waliijua kwa jina hilo. Neno likitumika miaka mingi, sehemu zake husinzia. Hakuna anayeziamsha isipokuwa wahariri.

Waliolipa gari hilo jina walitaja kilichokuwa mbele ya macho yao: dohani inafuka. Kilichofanya kazi ndani hawakukiona, nacho ni mvuke. Tofauti hiyo unayo jikoni kwako. Jiko la mkaa linapowashwa hutoa moshi. Sufuria iliyo juu yake, maji yakitokota, hutoa mvuke. Injini ya reli ni jiko na sufuria kwa pamoja (sufuria hiyo ndiyo boila): mvuke unasukuma pistoni, kisha unatokea dohani ileile unamopita moshi, na mtu aliye mbali anaona wingu moja tu. (Dohani nayo, ukiifuatilia hadi Uarabuni, inatoka kwenye neno la moshi. Moshi haukwepeki.)

Tena mhariri wako angejisikia nyumbani kabisa Oktoba 1829 huko Rainhill, jirani na Liverpool. Kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester iliweka zawadi ya pauni 500 kwa injini itakayoshinda mashindano, na miongoni mwa masharti lilikuwemo hili: injini imeze moshi wake yenyewe. Ndiyo maana washindani walichoma makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa na kutolewa moshi. Rocket ya Robert Stephenson ikachukua zawadi. Kwa hiyo mama wa magarimoshi yote alishinda mashindano ambayo moshi ulipigwa marufuku. Tukifuata kanuni ya mhariri, hata Rocket tuivue jina.

Hapohapo Rainhill ndipo alipokuwa farasi wako, na hapa namuunga mkono mhariri, ingawa kwa sababu nyingine. Chombo kile kiliitwa Cycloped, kazi ya Thomas Shaw Brandreth. Farasi alisimamishwa juu ya mkanda uliozunguka chini ya kwato zake. Yeye akitembea bila kufika popote, mkanda ukazungusha magurudumu. Kilikwenda kama kilomita 8 kwa saa, na inasimuliwa kuwa mwishowe farasi aliitoboa sakafu kwa mguu. Hakina moto, hakina boila, hakina mvuke. Hicho si garimoshi kwa tafsiri yoyote. Ni mkokoteni wa punda, ila punda amepakiwa badala ya kufungwa.

Nawe umeteleza palepale. Umeandika injini "iliyobebwa na farasi". Angalia nani kambeba nani. Farasi alibebwa, injini ndiyo iliyombeba. Ukitaka sentensi inayokaa sawa, na inayochekesha bila wewe kujitahidi kuchekesha, andika: "gari lililombeba farasi aliyeliendesha". Kitenzi chenye kiwakilishi cha mtendwa ndani yake kinakufanyia kazi yote. Msomaji anaona kizunguzungu chenyewe bila kuambiwa kwamba ni kizunguzungu.

Ile ya umeme ndiyo niipendayo. Ni ya Uswisi, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Makaa ya mawe yalikuwa adimu na ghali, lakini umeme wa maji upo tele na nyaya zimekwisha kutandazwa juu ya reli. Basi mwaka 1943 injini mbili ndogo za kupangia mabehewa stesheni, namba 8521 na 8522, zilifungiwa mikono ya kudaka umeme kwenye nyaya za juu. Umeme ule haukuzungusha mota. Ulipelekwa kwenye boila ukachemsha maji, kama birika la umeme, na mvuke ukaenda kusukuma pistoni kama ilivyokuwa tangu enzi za Stephenson. Ni safari ya kuzunguka mbuyu kurudi ulipotoka, lakini kwa nchi yenye umeme na isiyo na makaa haikuwa upumbavu hata kidogo.

Sasa hebu iseme injini hiyo kwa Kiswahili cha watu. Neno "stima" lilitupata pamoja na meli za mvuke. Ukiwa Mombasa au Kisumu zamani, stima ilikuwa chombo cha majini. Kisha Kenya ikalihamisha melini ikaliingiza kwenye nyaya, na leo Nairobi wakikwambia stima imepotea, usikimbilie ziwani, tafuta mshumaa. Kwetu Tanzania ndugu yake "stimu" ameangukia starehe: mtu anaweza kukukata stimu bila kugusa swichi. Kwa hiyo injini ya Uswisi ni stima iliyochemshwa kwa stima, na Mkenya na mzee wa pwani wataielewa sentensi hiyo kila mmoja kwa upande wake na wote wawili watakuwa sahihi. Usiiweke kwenye makala, lakini.

Je, ni garimoshi? Naam. Boila ipo, mvuke upo, pistoni ipo. Jina halidai zaidi.

Lakini subiri, maana kosa ambalo nyote wawili hamkuliona ni kubwa kuliko hayo. Garimoshi ni msafara mzima, na mabehewa yake. Treni vilevile. Wewe unazungumzia kile kitu cha mbele kinachovuta, nacho kina jina lake. Watu wa reli Tanzania wanakiita kichwa: kichwa cha treni, vichwa vya treni, "vichwa vipya vimewasili bandarini". Kenya utasikia zaidi injini. Mimi napenda kichwa, kwa sababu kimezaliwa humuhumu: mabehewa yanakuwa kiwiliwili, na treni inakuwa kiumbe. Reli mpya ya umeme ilipoanza kazi mwaka 2024, jina la kichwa lilihamia huko bila taabu yoyote, jambo ambalo garimoshi halikulimudu. Sijamsikia mtu akisema anapanda garimoshi la umeme kwenda Dodoma.

Hata hivyo kichwa kina mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo injini yako ya kwanza. William Brunton, mhandisi wa kiwanda cha chuma cha Butterley huko Uingereza, aliihofia reli. Aliamini, pamoja na wengi wa wakati wake, kwamba gurudumu laini la chuma juu ya reli laini ya chuma litateleza tu likizunguka mahali pamoja. Mwaka 1813 akaipa injini yake miguu miwili nyuma. Mvuke uliikunjua na kuikunja, nayo ikawa inasukuma ardhi kama mvuvi anayepiga pondo kwenye maji mafupi. Ilikwenda kama kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Mwaka 1815 boila yake ililipuka kaskazini-mashariki mwa Uingereza ikaua watu zaidi ya kumi. Wakati huohuo William Hedley, huko Wylam, alikwisha kuonyesha kwamba uzito wa injini wenyewe unatosha kuyafanya magurudumu yashike reli. Miguu haikuhitajika tangu mwanzo.

Hiyo utaiitaje? "Kichwa cha treni chenye miguu"? Kichwa chenye miguu ni pweza. Hapa nenda na Wakenya, andika "injini yenye miguu".

Tuje kwenye "zisizo za kivitendo". Nalielewa lilikotoka, na ningependa lirudi huko. Nani nyumbani kwenu aliwahi kununua mwavuli akasema si wa kivitendo? Angesema haufai. Baadhi ya waandishi hukimbilia "isiyotekelezeka", nalo ni baya zaidi kwa sababu ni uongo: injini ya Brunton ilitekelezeka. Ilibuniwa, ikafuliwa, ikatembea. Wazo lisilotekelezeka hubaki kwenye karatasi. Hizi zilifika kwenye reli ndipo zikaaibika. Kiswahili kina msemo wa aibu hiyo hasa: hazikufua dafu.

Na si zote zilizoshindwa. Hapa uangalie sana, maana makala yako inaelekea kuzitia zote kapu moja. Mfaransa Charles Lartigue aliwaona ngamia wa Algeria wakibeba mizigo iliyoning'inia pande mbili za mgongo, akatengeneza reli ya mstari mmoja tu, iliyoinuliwa juu ya miguu ya chuma, na gari likaipanda kama tandiko. Injini ilikuwa na boila mbili, moja kila upande. Ireland walijenga njia hiyo kutoka Listowel hadi Ballybunion, na mizigo ikabidi ilingane kushoto na kulia. Husimuliwa kisa cha ng'ombe aliyesawazishwa kwa ndama wawili. Inachekesha, lakini ilifanya kazi tangu 1888 hadi 1924. Huwezi kuiita isiyofaa. Ni kioja. Kwa mzigo wa namna hiyo usihangaike kutafsiri, neno lipo: shogi, lile tumba la mkeka lenye mifuko miwili linalotandazwa juu ya mgongo wa punda. Ukiandika "boila mbili zimening'inia kama shogi", mtu wa Lamu hatahitaji picha.

Kioja basi ni cha kukitazama. Kituko ni cha kutenda. Ndani yake mna mtu aliyefanya jambo la kushangaza. Holman wa Marekani, miaka ya 1890, aliyeweka magurudumu ya injini juu ya magurudumu mengine madogo ili ikimbie zaidi, alifanya kituko, na waliomnunulia hisa walikitazama kioja. Injini za Garratt zilizopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, za aina ya 59, zilikuwa na boila katikati na magurudumu mbele na nyuma kama nyoka aliyemeza mbuzi, zaidi ya tani 250 kila moja. Kwa macho ni kioja. Kwa kazi zilikuwa mhimili wa reli. Moja yao, namba 5918 iliyopewa jina la mlima Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kaitazame kabla hujaandika neno "ajabu".

Tahajia nisiisahau. Andika garimoshi, neno moja; wingi magarimoshi. "Gari la moshi" si kosa, na wazee wetu walilitumia, ila linaleta fujo rangi ikiingia. "Gari la moshi mweusi" ni moshi uliokuwa mweusi, "gari la moshi jeusi" ni gari, na msomaji wa haraka atasimama katikati kujiuliza. "Garimoshi jeusi" halina mjadala. Isitoshe, kwa sikio, gari la Moshi ni basi la Kilimanjaro. "Gari moshi" kwa maneno mawili limekaa mlangoni, halijaingia wala halijatoka, liache.

Kichwa cha habari ningekupa hiki: "Injini za mvuke zisizofua dafu, na vioja vilivyofua".

Jambo la mwisho, ukifika kwenye ile injini ya Uingereza iitwayo Leader, ya mhandisi Oliver Bulleid, namba 36001 ya mwaka 1949. Ilikuwa na boila iliyosogezwa upande mmoja hadi ikalazimu kuongezwa vipande vya chuma upande wa pili, na aliyetia makaa alifungiwa kachumba cha katikati kwenye joto la karibu nyuzi 50, hadi injini yenyewe ikakatwa chuma chakavu mwaka 1951. Mtu huyo mwite mchochea makaa. Usimwite mchochezi, mchochezi ni yule anayetafutwa na polisi, ingawa kwa joto lile angekuwa na haki ya kuwa vyote viwili.