Shangazi, baba anataka nifeli darasa la saba

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 14, nipo darasa la saba, kijijini huku Simiyu. Darasani huwa wa kwanza au wa pili. Juzi baba aliniita zizini akasema mtihani wa Septemba nijaze majibu ya ovyo, kwa sababu nikifaulu nitamtia gharama, na kuna watu wameshaulizia mahari. Nikikaidi atanipa laana. Shangazi, natamani sekondari mpaka naota nimevaa sketi yao. Nifanyeje? Simu hii ni ya dada wa dukani."

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Zamani nilikuwa mwalimu huko huko Kanda ya Ziwa, na nilikuwa na binti ambaye hesabu ya magazijuto aliimaliza mimi bado nina chaki mkononi. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, lake halikuwemo. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta mnadani, mtoto mgongoni, anapima michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa kisado, chenji anaipiga kichwani kabla mteja hajafungua mkono. Akaniambia, "Mwalimu, niliandika A toka swali la kwanza mpaka la mwisho. Baba alisema." Mpaka leo nikiona michembe namkumbuka.

Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: usifeli kwa makusudi.

Najua kinachokutisha ni laana. Kwetu mtoto hafundishwi kubishana na mzazi, na mimi sikutumi ukabishane. Baba akisema, nyamaza. Kachote maji, mpelekee ya kunawa, muamkie kama kawaida. Lakini ukikaa kwenye dawati siku ile, siliba jibu unalolijua. Nimekulia kwa wazee walioiogopa laana kweli kweli, na sikumsikia hata mmoja akisema inamshika mtoto aliyekataa kudanganya.

Baba yako naye simuoni kuwa adui. Ada imefutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, ila sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula bado vinamsubiri mzazi, na mwaka ambao pamba haikulipa, vitu hivyo ni mlima. Anahitaji mtu wa kumtoa hofu, na mtu huyo si wewe. Je, mama yake yupo hai? Mwanaume anayekemea mji mzima huinamisha kichwa mbele ya mama yake. Nenda kwa bibi, kaa naye jikoni, msomee ripoti yako ya muhula uliopita, alama moja moja, kisha mwambie ulichoambiwa zizini. Kama bibi hayupo, tafuta baba mkubwa au shangazi yako wa damu, yeyote ambaye baba humsikiliza.

Hilo la mahari halisubiri Septemba. Mwambie mwalimu wa kike unayemwamini wiki hii hii, kabla ng'ombe hawajafika. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016: anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Mwalimu anajua njia ya kumfikia mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona mambo yanaharakishwa, ukasikia wageni wanakuja au unapelekwa kwa ndugu usiowajua, piga 116. Ni simu ya watoto, ni bure hata kama simu haina salio. Wasimulie kama ulivyonisimulia mimi.

Usiogope kwamba unamshitaki baba yako. Mara nyingi mtendaji akimwita mzee akamweleza sheria ilivyo, jambo huishia pale pale kwenye benchi la ofisi, na mzee anarudi nyumbani na heshima yake.

Nawe dada wa dukani, Mungu akubariki. Binti akishasoma, futa ujumbe huu, na simu yako iwe karibu naye miezi hii.

Mwanangu, jina la kijiji nimeliacha makusudi. Soma mchana kama usiku mafuta ya koroboi hayapo. Januari niandikie uniambie hiyo sketi ni ya rangi gani.