Maziwa ya mbuzi hayatamsaidia

Pole, mama. Unauliza kama umpe mwanao maziwa ya mbuzi badala ya ya ng'ombe. Mtoto wa miezi 8 anayevimba midomo na kutoka vipele dakika chache baada ya uji wa maziwa huenda ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, yaani mwili wake unayakataa. Mpeleke kwa daktari hata kama vimeshapotea. Wakati huohuo usimwonjeshe tena maziwa "kuhakikisha". Siku akikohoa mfululizo, akipumua kwa shida au akilegea, hiyo ni dharura: hospitali mara moja.

Sasa hayo maziwa ya mbuzi uliyoshauriwa. Achana nayo. Mzio huu unatokana na protini, na za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kwa hiyo miili ya watoto wengi wenye mzio huu huyakataa yote mawili. Kuchemsha sana hakuondoi tatizo. Yasiyo na laktosi nayo hayafai, maana laktosi ni sukari tu. Protini imebaki palepale.

Kama unanyonyesha, endelea. Usijinyime maziwa wewe mwenyewe ila daktari akikwambia, na hapo uliza kuhusu kalsiamu na vitamini D. Kama anatumia ya kopo, kuna aina maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa. Ni chungu kidogo, atakunja uso, mvumilie.

Dukani soma maandishi madogo, utafute vitu vyenye maziwa: kaseini (protini ya maziwa), siagi, jibini, maziwa ya unga. Biskuti na mikate ndiyo hutuponza zaidi. Na bibi yake mwambie waziwazi, kijiko kimoja cha mtindi ni maziwa pia.

Wengi huuacha mzio huu wanapokua, ila kumrudishia maziwa kufanyike kwa usimamizi wa daktari.