Leseni kwa wenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii

Ndugu, umeuliza kama kwa shahada ya kwanza utapata leseni Marekani na kutibu wenye sonona. Inategemea jimbo: Texas wanatoa leseni ya ngazi hiyo, California hawatoi. Kwa kawaida hudaiwa shahada ya programu iliyoidhinishwa na CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii la huko, kisha mtihani wa ASWB, umoja wa bodi zinazotoa leseni hizo.

Ila kumpima mtu na kusema ana ugonjwa gani wa akili, au kutoa tiba ya kisaikolojia, hapana. Wewe utakaa na mama aliyefukuzwa nyumba, uandike mahitaji yake, umtafutie makazi, umpiganie ofisini. Kazi nzito hiyo, usiidharau! Akikwambia hataki tena kuishi, usimwache peke yake. Mwite msimamizi wako papo hapo, mama huyo aunganishwe na mwenye leseni ya kliniki, yaani anayeruhusiwa kutoa tiba hiyo.