Pampu ya papakriti inaziba? Anza kuangalia kwenye pipa

Watu wakiniuliza kuhusu papakriti, yaani hili zege la karatasi, huwa wanaanzia kwenye pampu, ninunue ipi, injini ya nguvu gani, na mi huwa nawarudisha kwanza kwenye pipa la kuchanganyia. Ukweli ni kwamba pampu inasukuma maji tu. Karatasi, saruji na mchanga vinabebwa na hayo maji, sasa yakipungua huna kitu cha kusukuma.

Karatasi loweka usiku kucha, magazeti ndo yanalainika haraka kuliko yote, maboksi yanafaa ila toa gundi ya plastiki, na yale majarida yanayong'aa yanachelewa mno kusagika so usiyajaze. Pini za chuma hazina shida kwenye ukuta, shida ni vipande vya plastiki na kamba, hivyo vinajisokota kwenye feni ya pampu na hapo kazi inasimama.

Kipimo changu ni ndoo tatu za karatasi iliyosagwa na kuchuja maji, ndoo moja ya saruji, moja ya mchanga. Ukizidisha mchanga ukuta unakuwa mzito na haunywei sana, ila unapoteza ule uzuri wa kuzuia joto na baridi, na kwenye pampu mchanga mwingi unatuama ndani ya mpira (bomba la kupitishia mchanganyiko) ukienda taratibu. Karatasi isagike kwanza na maji ya kutosha, mchanga ufuate, saruji mwisho kabisa pale kila mtu yuko tayari kwenye nafasi yake. Kuna wale wanatumia ekseli ya nyuma ya gari, difu (lile giabox la katikati ya ekseli) imechomoza ndani ya tangi na juu yake kisu cha mashine ya kukatia majani, wanavuta na gari na kisu kinazunguka chenyewe, na asee inasaga vizuri kweli.

Kujua kama iko tayari kwa pampu, jaza ndoo halafu iinamishe. Ikimwagika yenyewe kama uji wa mgonjwa, sawa. Ikidondoka mabonge mabonge hiyo ni ya kubeba kwa toroli, usiipeleke kwenye mpira.

Pampu yenyewe iwe ya maji machafu, zile zinazopitisha takataka, na mpira wa inchi 3 uwe upana uleule mwanzo mpaka mwisho, hakuna kupunguza njiani, hakuna kona kali. Tanguliza maji matupu mpira ulowe ndani. Ukishaanza usisimame, hata kama jamaa wa upande wa fomu (kile kiunzi cha kumwagia ukuta) anapiga kelele "ngoja kidogo", bora mpira urudishwe kwenye pipa mchanganyiko uendelee kuzunguka.

Ikiziba watu wengi wanaongeza mwendo wa injini. Hapo unaharibu zaidi jamani, maana maji yanapenya yanaondoka na karatasi inabaki inakandamizwa mpaka inakuwa kizibo kigumu kama mbao. Zima injini, tembea ukikanyaga mpira polepole, utasikia mgumu, mgumu, halafu ghafla unalegea, basi kizibo kiko hapo kwenye mpaka. Fungua kiungo cha karibu taratibu, uso uwe mbali na miwani iko machoni, presha inakuwa bado imo na maji ya saruji yanaunguza ngozi na macho vibaya.

Sasa mchanganyiko mwepesi una gharama yake, maji yote hayo lazima yatoke. Fomu ziwe na nafasi chini za kuchuruzika, jaza tabaka, acha ishuke, ongezea. Kukauka kunachukua wiki kadhaa na ukuta utanywea, kwa hiyo usikimbilie plasta, ukiifunga ikiwa mbichi ndani utapata ukungu.

Na mi siwezi kuweka paa juu ya papakriti peke yake, paa libebwe na nguzo, papakriti ijaze katikati. Inanyonya maji balaa, so msingi uwe wa mawe au zege la kawaida ulionyanyuka toka ardhini. Kuhusu moto, haiwaki miali kirahisi ila yenye saruji kidogo inaweza kufukuta ndani kwa ndani muda mrefu bila wewe kuona, bomba la jiko la kuni lisiguse ukuta kabisa.

Ukimaliza kumwaga, pitisha maji safi kwenye pampu na mpira hapohapo mpaka yatoke meupe, kabla hata hujanawa mikono.