Mchango wa mbuzi: kwa mnaoanza kazi Mtwara

Ukiajiriwa Mtwara kwenye shughuli za korosho, huenda ukaripoti Oktoba au Novemba, ghala limejaa magunia na malori yamepanga foleni hadi barabarani. Hata majina ya watu hujayashika, anakuja mtu na daftari: mchango wa mbuzi. Hiyo ndiyo sherehe ya kufunga mwaka, kwetu huwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Nimehudhuria tisa. Ya kwanza niliiharibu, nitafika huko.

Mchango toa mapema, na utoe sawa na wenzako wa ngazi yako. Ukizidisha wataona unanunua jina, ukichelewa utatajwa kwenye kundi la WhatsApp meneja akisoma. Kama mshahara wa kwanza haujaingia, mfuate mshika daftari pembeni umwambie. Anaelewa, naye aliwahi kuwa mgeni.

Siku yenyewe, kama wameandika saa kumi, fika saa nane. Halafu usitafute kiti, nenda kwenye jiko. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo nilipotokea tu nilikabidhiwa kisu na beseni la vitunguu. Nilikata kachumbari yangu haraka haraka nikaenda kusimama kwenye moshi, alipokuwa mzee wetu wa mizani. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na Mwislamu, kama inavyopaswa ili kila mtu ale kwa amani. (Anayetaka kitimoto anajua pa kwenda siku nyingine. Usithubutu kukileta kwenye wavu huo.) Mkaa ulikuwa unawaka ndimi, nikashika paja nilitandaze. Mzee akanizuia mkono: "Nkaa bado, mwanangu. Ngoja uvae mvi."

Nimeyakumbuka maneno hayo kila Desemba. Moto wa ndimi unaunguza nje na kuacha damu kwenye mfupa, kwa hiyo subiri mpaka makaa yafunikwe na majivu ya kijivu. Paja lichanje kwa kisu, liweke mahali pa joto la wastani na ulipe muda, hata saa nzima na zaidi. Mbavu ni nyembamba, zinamaliza mapema, zikae kando. Chumvi na ndimu zinatosha. Viungo vya pakiti waachie watu wa baa. Ukipewa pweza wa kutoka soko la samaki la Feri, mchemshe kwanza kwa maji yake mwenyewe ndipo umpitishe kwenye moto. Ngisi ni kugeuza mara mbili na kutoa. Ukipiga naye hadithi, utakula kandambili.

Lakini sikuwapeleka jikoni kwa ajili ya upishi. Mgeni anayekaa mezani hana la kufanya na mikono yake, kwa hiyo anashika chupa, na chupa inamtuma kuongea. Mwenye koleo ana kazi. Isitoshe, hapo kila mtu atapita, kuanzia mlinzi mpaka meneja, kila mmoja akiomba "kipande cha kuonja", na mtu anayeomba nyama huwa mpole. Kati ya kugeuza na kugeuza, mzee yule alinifundisha jambo ambalo wiki sita za ghalani hazikunipa. Chukua korosho mkononi uitikise karibu na sikio. Iliyokauka inagongagonga ndani ya ganda lake, yenye unyevu iko kimya. Kipimo cha mashine kipo, na tangu stakabadhi ghalani (mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa risiti, ndipo zinauzwa) ianze huku 2007 watu wanabishana juu ya unyevu kila msimu, ila sikio linakuonya kabla gunia halijafika kwenye mashine.

Vinywaji. Ukitumwa kuhudumia, swali ni moja tu: "Ya baridi au ya moto?" Usimuulize mtu kwa nini anakunywa soda. Soda na maji yawe kwenye ndoo yake ya barafu, bia kwenye yake. Mnaotoka mbali jihadharini na uraka, maji ya mabibo yaliyochachuka. Unanukia tunda, una utamu, unashuka kama juisi, halafu unataka kusimama na miguu haikujibu. Ile kali inayokenekwa, nipa, sogea mbali nayo kabisa. Kudai posho mbele ya bosi aliyeshika glasi nako ni kupoteza dai zuri. Subiri Jumatatu, uende na karatasi.

Bajaji ya kurudi nyumbani panga kabla hujafungua chupa ya kwanza. Desemba mvua imeshaanza, na ikinyesha usiku huko Shangani utazigombania na mji mzima.

Sasa picha. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na simu mpya, nikapiga kila kitu: moshi, machweo, wenzangu wamecheka vizuri. Moja nikaiweka kwenye status usiku ule ule. Ilimwonyesha dada wa idara ya malipo, mtandio umekaa sawasawa, na mbele yake chupa ya bia. Chupa ilikuwa ya jirani yake. Yeye alikuwa na Fanta, imejificha nyuma ya sahani ya ndizi. Saa tatu usiku picha ilikuwa imeshafika kwa mama mkwe wake Newala. Niliifuta, nikaandika maelezo, nikampigia mama yule mwenyewe, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "haya", akakata.

Yule dada aliniambia Januari kuwa yamekwisha. Salamu tulipeana, fomu alinisainia, ila chai hakuwahi tena kunikaribisha. Desemba iliyofuata nilikuwa kwenye moshi na koleo langu, simu nimeiacha kwenye mkoba. Akaja na sahani, akasimama upande wa pili wa jiko, akatazama mbavu kwa muda.

"Nikatie hapo penye mafuta," akasema. "Na usinipe yenye mkaa."