Mguu ukae sakafuni kwanza: ushauri kwa anayeanza kupiga Chopin

Ukimsikiliza mtu anayeanza kujifunza muziki wa piano wa karne ya 19, utagundua kuwa sehemu kubwa ya makosa yake yana chanzo kimoja: mguu umeshuka kwenye pedali ya kulia, ile inayoendeleza sauti, kabla mikono haijaelewana. Pedali ni tamu. Ukiikanyaga, noti zilizoachana zinaonekana kushikana, kordi (noti kadhaa za pamoja) iliyopigwa nusunusu inajaa, na mpigaji anaridhika mapema. Mwambie aondoe mguu, arudie palepale, na kila kiungo kilicholegea kinajitokeza. Kwa hiyo kwa mgeni huwa naanza na mguu: kwa siku za mwanzo za kipande chochote, ukae sakafuni.

Tuchukue Fantaisie-Impromptu, kipande cha piano cha mtunzi Chopin, maana karibu kila mwanafunzi anaitamani mapema kuliko inavyompasa. Chopin aliitunga katikati ya miaka ya 1830 na hakuichapisha maisha yake yote. Rafiki yake Julian Fontana ndiye aliyeitoa mwaka 1855, miaka sita baada ya mtunzi kufariki. Iko katika C-shapu maina na inakimbia. Mkono wa kulia unapiga noti nne mahali ambapo wa kushoto unapiga tatu. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na ndipo pedali inapoitwa kuja kuficha aibu.

Nne kwa tatu inahesabika. Gawa pigo moja katika sehemu 12 ndogo zilizo sawa. Kulia inaangukia 1, 4, 7 na 10. Kushoto inaangukia 1, 5 na 9. Ukigonga mezani polepole utasikia: pamoja, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha pamoja tena. Fanya hivyo hadi mikono iache kuuliza. Lakini usijidanganye kwamba utapiga kipande kizima kwa kuhesabu 12; kwa kasi yake halisi haiwezekani, na ukijaribu utapiga kwa kugugumia. Hesabu inakusaidia kujua mpangilio tu. Kazi yenyewe ni kuuzoesha kila mkono peke yake mpaka uende laini bila kutetereka, kisha kuiweka pamoja ukisikiliza sehemu moja tu, pale inapokutana.

Na hapo kuna mtego mdogo. Kulia inapoingia, kwenye kipimo (baa) cha tano, haianzi na noti. Inaanza na kimya kifupi. Kushoto inapiga besi yake, yaani noti ya chini, peke yake, halafu kulia inadandia. Anayeanza hukihofia kile kimya na kuingia mapema, mikono ikakutana mahali pasipo pake, na kuanzia hapo kila kitu kimepinda. Dawa yake ni kuacha kuulenga mwanzo wa kipimo, ukalenga pigo la pili. Ukikihesabu na kile kimya, kitu cha tano cha kulia kinatua pamoja na noti ya nne ya kushoto. Kwa kulia ni ile F yenye shapu mbili, ambayo kwenye vibonye ni G nyeupe tu. Piga hizo mbili pamoja, simama. Rudi mwanzo, piga mpaka hapo, simama. Ukishapata mahali pa kutua, safari ya kufika hapo inajipanga yenyewe kwa kiasi cha kushangaza.

Kwa jumla sehemu ngumu huwa ndogo kuliko unavyodhani. Mtu atakwambia ukurasa wa pili unamshinda. Mkae naye, apige polepole, na utakuta tatizo liko kati ya noti mbili: gumba linapita chini ya kidole cha tatu huku mkono ukitakiwa kupanda, au kidole cha nne kinafuata cha tano kwenye kibonye cheusi. Ukurasa uliobaki hauna neno. Sasa akirudia ukurasa wote mara nyingi, zile noti mbili zinapata sekunde moja ya mazoezi kila mara, na zilizokwisha kukaa sawa zinakula muda wote uliobaki. Zitoe hizo mbili. Zipige peke yake, kisha ongeza moja nyuma na moja mbele, halafu mbili mbili. Badilisha mdundo: ndefu-fupi, kisha fupi-ndefu. Anza pia kutoka mwisho wa kifungu na kurudi nyuma kidogo kidogo, ili kila unaposonga mbele uwe unaelekea mahali unapopajua.

Andika namba za vidole kwa penseli na uziheshimu. Mkono unaobadilisha vidole kila siku haujifunzi kitu. Mkono ukiuma, si kuchoka bali kuuma, acha; hakuna kifungu kinachostahili kuharibu kifundo cha mkono.

Mikono ikishaweza kukipiga kipande kikavu, tena kikavu kwa uzuri, ndipo mguu unapoalikwa. Ni vizuri kujua unachokifanya ukikanyaga. Ndani ya piano kila noti ina kizimio chake cha kitambaa kizito, kinachozima nyuzi zake, isipokuwa noti za juu kabisa ambazo hazina. Pedali ya kulia inaviinua vizimio vyote kwa pamoja. Noti ulizopiga zinaendelea kulia, na nyuzi nyingine ambazo hukuzigusa nazo zinaitikia. Ndiyo maana sauti inanenepa hata kwa noti moja.

Kosa la kwanza la mguu ni kushuka pamoja na vidole, kama anayepiga mguu kufuata ngoma. Ukishuka wakati kordi mpya inapigwa, unazikamata na noti za zamani ambazo bado hazijazima. Mguu unapaswa kupanda pale pale vidole vinapotua, halafu ushuke mara tu baada yake. Zoezi lake ni jepesi na halitaki kitabu. Tumia kidole kimoja. Piga C, kanyaga, inua kidole. C inaendelea kulia. Piga D na wakati huohuo inua mguu, kisha kanyaga tena. Endelea hivyo hadi C ya juu. Kukiwa na tobo kati ya noti, mguu umewahi kupanda. Ukisikia noti mbili zimegandana, umechelewa. Kisigino kibaki sakafuni, na nyayo isiachane na pedali. Mguu unaoruka unapiga kelele zake wenyewe, na wasikilizaji wanazisikia.

Nocturne ya Op. 9 namba 2, kipande kingine cha Chopin, katika E-flati meja, iliyochapishwa mwaka 1832, ni shule nzuri zaidi ya pedali kuliko vipande vingi vya kasi. Kushoto ina kazi ileile karibu mwanzo hadi mwisho: besi chini, kisha kordi mbili juu. Mkono lazima uiache besi na kuruka, kwa hiyo ni mguu tu unaoweza kuishikilia. Mkono ukiruka kabla pedali haijaikamata, besi inapotea, na mahadhi yote ya juu yanaelea bila msingi. Mwanafunzi hulaumu mruko, kumbe mruko hauna kosa. Fanya hivi: piga besi, kanyaga, ruka ukaziguse noti za kordi bila kuzipiga. Sikiliza kama besi bado inalia. Inalia? Piga kordi. Zoezi hili linachosha, nakubali, lakini linafundisha mkono na mguu kwa pamoja.

Kuhusu alama za pedali zilizochapishwa: zisome kwa makini, ila usiziabudu. Chopin alipenda piano za kiwanda cha Pleyel, ambazo sauti yake ilififia haraka kuliko ya piano kubwa za leo. Pedali ndefu iliyopendeza pale inaweza kuwa tope hapa. Ukiona tope, jaribu kupandisha mguu kidogo tu, vizimio viguse nyuzi bila kuzibana, kisha shuka tena. Nyuzi nyembamba za juu zinazima upesi; zile nene za besi zinaendelea. Mahadhi yanasafishika na msingi unabaki. Utaihitaji mbinu hii kwenye sehemu ya kati ya Fantaisie-Impromptu, ile ya D-flati meja, ambako mahadhi yanatembea hatua kwa hatua juu ya besi moja. Utaihitaji zaidi mwishoni kabisa, pale mahadhi hayohayo yanaporudi mkono wa kushoto huku kulia ikinong'ona juu yake.

Wanaotumia kinanda cha umeme wachunguze pedali yao. Nyingi zinazokuja na vinanda vya bei ndogo zinajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima, na ile mbinu ya kupandisha mguu nusu hutaiweza hata ukijitahidi vipi. Kosa hapo si la mguu wako. Tafuta piano ya nyuzi angalau mara mojamoja.

Jirekodi, simu ikiwa mbali na piano, si juu yake. Ukiwa umekaa kwenye kiti, unayasikia uliyokusudia. Simu inasikia yaliyotoka. Na siku ya kupiga mbele ya watu, fika mapema ukajaribu pedali ya pale kwa vifungu vya polepole, sio vya kasi. Kumbuka pia kwamba ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa watu: ukiona mchana sauti inachafuka kidogo, usikimbilie kuondoa pedali yote, maana miili na nguo za wasikilizaji zitameza sehemu ya mvumo huo jioni.